Vyombo vya Marehemu: Vichomwe, Viuzwe, au Vikatwe?

Neno ninalotaka kulisema si geni kwa mtu ye yote aliyepata kufiwa na mzee. Matanga yakiisha, mashamba huhesabiwa, ng'ombe huhesabiwa, hata baiskeli hupata mwenyewe. Lakini vile vyombo vya mbao alivyovitumia marehemu kila siku, yaani kigoda chake, sanduku lake, mzinga wake wa nyuki, mlango wa nyumba yake, hivyo havina mrithi. Husukumwa nyuma ya nyumba, na mvua za kwanza zikinyesha huingizwa jikoni kuwa kuni. Mimi naona jambo hili si zuri. Tena nasema kwamba mbao isiyoweza tena kufanya kazi yake ya kwanza na ikatwe, ifanywe kitu kingine kidogo cha kutumika, ili kila mtoto wa marehemu apate kipande chake. Najua wazee wengine hawatalipenda shauri hili. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Sisi watu wa Tabora tunayo sababu yetu wenyewe ya kulifikiri jambo hili. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika, moja ikashika magharibi kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Katika karne ya 19 maelfu ya Wanyamwezi waliipita njia ile wakiwa wapagazi, na pembe za ndovu begani. Leo ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, nalo limefanywa makumbusho. Ni vema. Lakini viko wapi vigoda walivyokalia wapagazi waliporudi makwao? Kiko kiti kimoja cha kitemi cha Unyamwezi, chenye mgongo mrefu uliochongwa vizuri sana, nacho kimo katika makumbusho ya Berlin. Na huyo alikuwa mtemi. Mtu wa kawaida hajengewi makumbusho wala vitu vyake havisafirishwi Ulaya. Wajukuu wake wasipovitunza, hapana mwingine atakayevitunza.

Hata habari za Livingstone mwenyewe zina jambo la kutufaa. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, akina Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga maandishi katika shina la mti huo. Kisha wakauchukua mwili kwa miguu mpaka pwani. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule walikuwa hapa Kwihara, na Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta, akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. (Kila nikisoma habari hii nawastahi watu wale kuliko Cameron.) Baada ya miaka mingi mti ule ulikuwa unaharibika, ukakatwa. Kipande chenye maandishi kilipelekwa London kikiwa vile vile kilivyo. Kipande kingine kilifanywa msalaba, nao umo mpaka leo katika kanisa kuu la Waanglikana, Mkunazini, Unguja. Basi angalieni: mti haukuachwa uoze kwa sababu ya heshima, wala haukutiwa moto. Ulikatwa, ila pale penye mkono wa mtu hapakuguswa.

Desturi hiyo ndiyo tuliyoifuata nyumbani. Babu yangu mzaa baba alifariki mwaka jana katika kijiji chetu upande wa Urambo. Alikuwa mrina asali. Aliacha mizinga ya magogo, bao la kuchezea, na mlango wa mninga aliouranda mwenyewe alipokuwa kijana. Nyumba ilikuwa imekwisha bomoka upande mmoja, na mlango umeegemezwa ukutani. Akatokea mnunuzi wa vitu vya kale kutoka mjini, akataka kuununua akawauzie wageni. Baba mdogo akakubali. Baba mkubwa akasema hauuzwi. Shangazi yetu mkubwa akasema kila akiuona analia, heri uchomwe yaishe. Kwa mlango mmoja ndugu wale walikaa wiki tatu bila kusalimiana vizuri, na sisi watoto tulikuwa tukitumwa huku na huko na maneno ambayo hatukupenda kuyachukua.

Simlaumu baba mdogo. Fedha ina kazi nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa natakiwa kurudi bwenini na godoro jipya. Lakini mlango ukiuzwa, fedha yake hugawanywa, huliwa, na mwezi wa pili hapana anayejua ilikokwenda. Shangazi naye nilimwelewa. Huzuni yake ilikuwa ya kuuona mlango mzima usio na nyumba, kama mtu asiye na kwao. Ndipo baba mkubwa alipokubali umwitwe fundi seremala, na mimi na kaka yangu tukamsaidia likizo yote ya Desemba.

Naomba niieleze kazi yenyewe kidogo, kwa faida ya watakaotaka kuifanya. Mninga ni mti mzuri kwa kazi hii: ukikauka haupindi ovyo, na kiini chake hakiliwi na mchwa upesi. Wenye kuukata wanajua kwamba utomvu wake ni mwekundu kama damu. Kwanza tuling'oa misumari yote, maana msumari mmoja uliofichika huharibu meno ya msumeno. Pili tulitenga mbao za chini, ambazo Babu alizipaka oili chafu kuzuia mchwa. Hizo hazifai kitu cha kutia katika chakula asilani. Zikawa fremu ya picha. Mbao za katikati zilitoa kigoda cha baba na sanduku dogo la baba mkubwa la kuwekea hati. Mbao safi za juu zikawa miko minne ya ugali, mmoja kwa kila shangazi. Tukasugua kwa msasa (fungeni pua, unga wa mninga huwasha sana), kisha tukapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya alizeti. Nta ilikuwa ya mizinga ya Babu mwenyewe.

Mzee mmoja jirani alikuja akatuambia kwamba kukata kitu cha marehemu ni mwiko. Fundi akamjibu, "Ndiyo, Mzee, ni miko minne." Hata yule mzee alicheka.

Hatukukata kila kitu. Ubavuni mwa mlango Babu alikuwa amekata alama kwa kisu, alama moja kwa kila debe la asali alilopata, msimu hata msimu. Ubao huo umeachwa kama ulivyo, nao umetundikwa sebuleni kwa baba mkubwa. Mizinga mizima imerudishwa mitini, kwa sababu mzinga wenye nyuki ni ukumbusho bora kuliko mzinga uliofanywa pambo. Bao nalo halikuguswa. Kaka yangu alitaka mashimo yake 32 yagawanywe, kila mjukuu apate kibakuli, nami nilimpinga kwa nguvu. Bao huchezwa. Aliyelikata amewanyima watu mchezo.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakisema kwamba vitu vya zamani vifanywe mapambo ya ukutani tu, sikubaliani nao. Pambo husahauliwa, likashika vumbi. Mwiko wa shangazi hushikwa kila jioni, na watoto wake huuliza mbao ile ilitoka wapi, naye huwaambia. Yule aliyetaka uchomwe sasa hamruhusu mtu mwingine kusonga ugali kwa mwiko wake. Fremu ya baba mdogo bado iko kwetu. Hajaja kuichukua, na baba mkubwa amekataza mtu ye yote kuitia picha mpaka aje mwenyewe.

Nina ombo moja kwa walimu wetu. Shule hii ina karakana na randa na patasi zake, na siku ya Jumamosi mchana mlango wake umefungwa. Yafaa ifunguliwe kwa saa mbili, chini ya mwalimu mmoja, ili mwanafunzi mwenye mbao ya mzee wake kutoka nyumbani apate kuifanya kitu cha kufaa. Wazazi nao, mkimpa mtoto mbao, tafadhalini mwandikieni mwalimu barua kwamba ndugu wote wamekubali, kusitokee ugomvi baadaye. Na misumari ing'olewe huko huko nyumbani, maana msumeno mzuri tulio nao ni mmoja tu.