Kabla ya Kiwanda, Mizani

Siku ya soko pale Keroka, mama mmoja aliteremsha mikungu mitatu ya ndizi kutoka kwenye bodaboda. Dalali akauinua mmoja, akauzungusha, akautua chini. "Huu ni mia tatu, mama." "Ongeza, mwanangu, tazama ulivyojaa." Hakuongeza. Mikungu ikapandishwa kwenye lori la Nairobi juu ya majani makavu ya migomba, mama akafunga noti zake kwenye ncha ya leso akaenda zake. Hakujua ameuza kilo ngapi, na mimi niliyesimama kando sikujua. Dalali alijua, kwa sababu mkono wake umepima maelfu ya mikungu.

Mama huyohuyo, akiwa na mistari michache ya chai kando ya migomba yake, siku ya kuchuma hupeleka majani kituoni. Huko yanatundikwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, naye anarudi nyumbani na risiti. Shamba ni moja, mikono ni ileile. Zao moja lina kumbukumbu, jingine linauzwa kwa jicho.

Toleo hili linahusu biashara na uwekezaji katika kaunti za Kisii na Nyamira, na hoja yangu yote imo katika tofauti hiyo. Kila mara mkutano wa wawekezaji unapoitishwa huku kwetu tunasikia habari za viwanda: cha unga wa ndizi, cha mafuta ya parachichi, cha juisi. Navitaka viwanda hivyo kama mtu mwingine yeyote. Lakini kiwanda hununua kwa kilo na kwa daraja la ubora, na mazao hayo sisi hatujazoea kuyauza hivyo. Kikijengwa leo, kitalazimika kununua kwa dalali yuleyule, na mama wa Keroka atabaki na mia tatu yake.

Mwekezaji naye aelewe anakokuja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, wengi wao wakiishi kwa kulima. Shamba alilolima babu limegawiwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo familia nyingi zinaishi kwenye nusu ekari au pungufu. Anayekuja na ramani akitafuta ekari mia tano amepotea njia. Utajiri wa Gusii, eneo letu hili, umo katika udongo mwekundu, mvua isiyokauka kwa miezi mingi, na maelfu ya vishamba ambavyo kila kimoja hutoa kidogo kila wiki. Fedha inayofaa hapa ni ile inayoanza kazi pale shamba linapoishia: kukusanya, kupima, kuchambua, kuivisha, kufungasha.

Chai ilikwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka wa 1964 iliundwa mamlaka ya kustawisha chai ya wakulima wadogo, ambayo leo ni KTDA, na viwanda kama Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi na Ogembo vikawa mali ya wakulima wenyewe kwa hisa. Najua nitajibiwa: bonasi je? Ni kweli, wakulima wa huku wamekuwa wakilipwa bonasi ya chini sana kuliko wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya, na wana haki ya kuuliza majani yao yanafikaje mnada wa Mombasa na kwa nini yanapata bei ya chini hivyo. Lakini sikiliza wanavyouliza. Wanauliza kwa tarakimu, risiti mkononi. Mkulima wa ndizi aliyepunjwa hana hata karatasi ya kulalamikia.

Pareto ndiyo kidonda chetu. Kulikuwa na miaka ambayo Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo, na vilima vya Gusii vilikuwa vyeupe kwa maua. Malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka, watu wakang'oa. Mzee aliyeng'oa pareto kwa jembe lake haitaji hotuba kuhusu fursa. Anataka kujua atalipwa lini.

Ukishuka Tabaka utaona hadithi ileile ya jasho lisilolipwa ipasavyo, safari hii kwenye uchongaji wa mawe ya sabuni. Mwanamume anachonga kiboko au bakuli. Mara nyingi ni wanawake wanaokaa na beseni la maji kusugua kwa msasa hadi jiwe liwe laini kama ngozi ya mtoto, vumbi jeupe likiwaganda hadi kwenye nyusi. Huo msasa ndio unaomfanya mtalii wa Nairobi au Mombasa atoe pesa, na ndio unaolipwa kidogo kuliko kazi zote.

Tukirudi shambani, mnunuzi wa mbali naye ana masharti yake. Mwaka wa 2022 Kenya ilipeleka China shehena ya kwanza ya maparachichi mabichi. Soko kama hilo hutaka kujua tunda limetoka shamba gani na lilikomaa kiasi gani kabla ya kuchumwa. Ndizi nazo haziwekwi kwenye baridi kali: chini ya nyuzi 13 hivi ganda huwa jeusi. Chumba cha kuivishia chenye joto linalodhibitiwa ni mradi ambao chama cha ushirika kinaweza kuumudu, na watoto wetu walioko Minnesota, Marekani, wanaweza kuuchangia. Wengi wao wanatuma fedha kila mwezi, na nyingi zinaishia kwenye nyumba za ghorofa ambazo hulala tupu mpaka Desemba.

Serikali za kaunti zianzie Keroka, mji ulio mpakani, ambao zimekuwa zikiugombania miaka mingi kwa sababu ya ushuru wa soko. Ziweke hapo kituo kimoja cha pamoja, chenye paa, mizani iliyokaguliwa na wakaguzi wa vipimo, na risiti. Ushuru utozwe kwa kilo, na kila kaunti ichukue fungu lake.

Nasi tutaanza na letu. Msomaji uliye karibu na mizani, pima mkungu kabla ya kuuza, utuandikie kilo zake, bei uliyopewa na jina la soko. Kuanzia toleo lijalo tutazichapisha bei hizo, soko la Daraja Mbili kando ya lile la Keroka, Kisii kando ya Nyamira.