Paneli za nyumba zitoke Kisangani

Mfuko wa saruji unaouzwa Kisangani una safari ndefu nyuma yake. Ukitoka Kinshasa, umepanda mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700 ndani ya baji au balenieri, mashua kubwa ya mbao, ukinusurika mvua njiani. Ukitoka mashariki, umepita Barabara ya Taifa namba 4, kutoka Komanda na Mambasa hadi Bafwasende, na huko ni matope yanayoamua siku ya kufika. Njia hiyohiyo, kwa upande wa pili, hupitisha malori ya mbao zinazokwenda Ituri na mpaka wa Uganda. Jiji lililozungukwa na msitu linanunua kwa bei kali vifaa vya kutoka mbali, huku likiuza zikiwa mbichi mbao ambazo zingelijenga.

Hilo ndilo la kukumbuka kila inapotajwa habari ya nyumba za kuunganisha: zile ambazo kuta, sakafu na kenchi zake huandaliwa karakanani kwa vipimo vinavyolingana, kisha hufungwa kwa bolti kiwanjani kwa siku chache. Kisangani inazihitaji sana. Lakini zikija zimefungwa ndani ya makontena, zitakuwa saruji nyingine tu. Zitengenezwe hapahapa, kwa mbao za mkoa wa Tshopo na mikono ya maseremala wa komini za jiji: Makiso, Mangobo na Kabondo.

Ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa kuna somo la zamani. Mwaka 1951 zilisimamishwa Brazzaville nyumba mbili za chuma na alumini alizobuni Mfaransa Jean Prouvé. Ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa Niamey mwaka 1949. Vipande vyake vilitengenezwa Ufaransa, vikapimwa ili viingie katika ndege ya mizigo. Ubunifu wake ulikuwa wa hali ya juu: hewa ya moto ilipanda na kutokea juu ya paa, na vizuia jua vya alumini vililifunika baraza lililozunguka nyumba nzima. Hata hivyo hazikuzidi tatu. Gharama yake haikuwa ndogo kuliko ya nyumba iliyojengwa na mafundi wa mjini, na maofisa wa kikoloni hawakulipenda umbo lile. Mwaka 2000 zile za Brazzaville zilifunguliwa na kurudishwa Ulaya. Mwezi Juni 2007 moja iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Nyumba iliyokusudiwa kuwa makazi ya bei nafuu Afrika imekuwa pambo la matajiri.

Kongo yenyewe ina kumbukumbu ya karibu zaidi, na chungu zaidi. Katika mpango wa siku 100 wa Rais Félix Tshisekedi, nyumba zilizokwisha tengenezwa ziliagizwa kutoka nje ya nchi. Mwaka 2020 wananchi walifuatilia kwenye televisheni kesi ya karibu dola milioni 50 zilizotengwa kwa ajili ya nyumba hizo. Mkurugenzi wa ofisi ya Rais wakati ule, Vital Kamerhe, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Juni 2020; hukumu ikafutwa baadaye, na mwaka 2022 akaachiwa huru. Mahakama imekwisha sema yake. Mwenye kuhitaji nyumba anabaki na swali jingine: kwa nini nchi yenye miti ya kambala, lifaki na limbali iagize kuta kwa meli?

Chukua paneli moja tu uitazame kwa karibu. Upana mita 1.20, urefu mita 2.40. Fremu yake ni mbao za kambala za sentimita 5 kwa 10: mbili ndefu pembeni, moja ndefu katikati, na fupi za kuzikaza juu, chini na kiunoni. Upande wa nje inafunikwa kwa mbao za unene wa sentimita 2. Mbao zikiwa kavu, paneli nzima ina uzito wa kilo 70 hivi. Watu wawili wanaibeba. Inalala juu ya mkokoteni, inavushwa kwa mtumbwi hadi Lubunga, haiombi kreni wala lami. Nyumba ya mita 6 kwa 7.20, yaani mita za mraba 43, inazungukwa na paneli 22.

Ni katika paneli hizo 22 ambapo mwenye nyumba anapata sauti. Ipi iwe na dirisha, ipi iwe na mlango, ipi iwe na matundu ya hewa juu? Mama anayeuza unga na mafuta ya mawese atataka mlango mpana upande wa barabara kwa ajili ya kiduka. Mwingine atataka baraza refu nyuma, kwa sababu jikoni ni nje na maisha ya mchana ni nje. Mtoto wa kwanza akioa, au shangazi akihamia kutoka Opala, paneli za upande mmoja zinafunguliwa, sakafu inaongezwa mita 2.40, na zilezile zinafungwa tena mbele. Familia nyingi za Kisangani hujenga hivyo hata sasa, chumba kwa chumba, kadiri pesa inavyopatikana. Tofauti ni kwamba ukuta wa tofali ukivunjwa ni kifusi.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Anayepasua gogo msituni kwa msumeno wa mnyororo hupoteza zaidi ya nusu yake kwa maranda, magamba na vipande vifupi ambavyo mnunuzi wa mbali havitaki. Paneli ya mita 1.20 inavitaka. Karakana inayonunua ubao wa mita moja na robo kwa bei ya haki inampa mpasuaji sababu ya kuubeba badala ya kuuacha uoze au ugeuzwe makaa. Msitu utapata nafuu zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa mabango. Limbali nayo ipewe nafasi. Ni mti unaotawala eneo kubwa la misitu ya Tshopo, mahali pengine ukisimama karibu peke yake, wakati afrormosia, iliyowindwa kwa miaka mingi, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1992.

Kikwazo kikubwa ni ukavu. Ufundi upo: yeyote aliyeona kitanda au kabati la seremala wa Kisangani anajua. Lakini mbao nyingi kwenye madepo ya jiji huuzwa zikiwa bado na maji. Ubao mbichi ukifungwa katika fremu leo, baada ya miezi michache unajikunja, tundu la bolti halikutani tena na mwenzake, na upepo unapita katikati ya paneli mbili. Nyumba ya mafundi wa kawaida inavumilia makosa hayo, kwa kuwa fundi hurekebisha palepale kwa randa na msumari. Nyumba ya vipande haivumilii. Kosa la nusu sentimita katika paneli moja, likirudiwa mara sita, ni sentimita tatu kwenye kona. Kwa hiyo uwekezaji wa kwanza ni banda refu lisilo na kuta, mbao zikipangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na mtaji wa kuzisubiri miezi kadhaa. Tanuri la kukaushia lingeharakisha, ila linahitaji umeme wa uhakika, na bwawa la mto Tshopo, la miaka ya 1950, haliutoi. Maarifa hayako mbali: huko Yangambi, safari ya mtoni upande wa magharibi, watafiti wamechunguza miti ya bonde la Kongo tangu kituo cha INEAC, taasisi ya kilimo ya kikoloni, kilipoanzishwa mwaka 1933, na leo taasisi za utafiti INERA na CIFOR zinaendelea na kazi hiyo.

Mchwa na mvua navyo vijibiwe kwa ukweli. Kisangani hupata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka. Nyumba ya mbao inayolazwa juu ya udongo itaoza, iwe ya kambala au ya dhahabu. Inapaswa kuinuliwa sentimita 60 au zaidi juu ya nguzo fupi za zege au mawe, kila nguzo ikivikwa kofia ya bati ili mchwa asipande kwa siri, na paa litokeze mita nzima nje ya ukuta. Mifuko michache ya saruji inatosha kwa nguzo hizo. Kuinua sakafu kuna maana nyingine tangu mafuriko ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, wakati mto Kongo ulipofikia, huko Kinshasa, kimo ambacho haukuwa umekifikia tangu 1961, na Tshopo nayo ikazama sehemu zake. Moto ni hofu ya kweli pia. Jiko libaki nje, na umbali kati ya nyumba na nyumba uheshimiwe bila huruma.

Wengi watapinga kwa neno moja: kudumu. Nyumba ya heshima ni ya tofali, ya mbao ni ya kambi. Mawazo hayo yana mizizi hadi kwenye karatasi. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi ni mali ya serikali, na aliyepewa kiwanja hutakiwa kukiendeleza kabla ya kupata haki kamili. Mkoa ungeweza kuandika wazi kwamba nyumba ya mbao ngumu zilizokaushwa, juu ya nguzo za zege na chini ya mabati, ni uendelezaji kamili. Bila maandishi hayo, mzazi mwenye busara hataweka akiba yake hapo, na hakuna wa kumlaumu.

Wateja hawakosekani. Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, viliua zaidi ya raia 760 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa; nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa na shule 69 zikapigwa mabomu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, milioni 40 kati ya hizo zikiwa za mali zilizoharibiwa, na mfuko wa FRIVAO ukapewa kazi ya kuwafidia wahanga. Tangu 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola umechoma nyumba nyingine Lubunga na Ubundu na kuwatupa maelfu ya watu mjini. Mtu aliyelala chini ya turubai hawezi kusubiri tofali zichomwe.

Zanzibar imethubutu. Huko Fumba Town, kusini mwa Mji Mkongwe, watu wanaishi katika nyumba za mbao zilizoandaliwa tayari na kuunganishwa uwanjani, na mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa jengo la ghorofa 28 la mbao na zege. Hizo ni za wenye nacho, na Kisangani haina haja ya kuiga mnara. Inahitaji agizo la kwanza la serikali ya mkoa: madarasa kumi ya paneli, vipimo vimoja, zabuni ya wazi kwa vyama vya maseremala wa komini zote sita, na sharti kwamba mbao zipimwe unyevu kabla ya kulipwa. Darasa la mita 6 kwa 9.60 ni paneli 26. Kumi ni 260, na karakana iliyotengeneza paneli 260 kwa kigezo kimoja itakuwa tayari kupokea oda ya familia ya Mangobo inayotaka vyumba viwili na baraza.