Nyumba ya Muda Iwe na Tarehe ya Kuhama

Tukiwapa vijana wa Shinyanga na Geita kazi ya kujenga nyumba ndogo za kuwasitiri watu waliopoteza makazi, tutakuwa tumewasaidia watu hao, au tutakuwa tumewatafutia mahali pa kusahaulika? Jibu halipo kwenye mchoro wa nyumba. Lipo kwenye swali la nani anaingia, na lini anatoka.

Kwa upande wa ufundi, hatuna cha kusubiri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukifundisha tofali la kufungamana: udongo wa hapohapo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwenye mashine ya mkono, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa hadi likomae. Haliingii tanurini, na kwa Shinyanga hilo ni jambo kubwa. Mkoa huu ulikatwa miti hadi mwaka 1986 ikabidi uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na wananchi wakarudisha ngitili, yaani maeneo ya miti na malisho yanayohifadhiwa, kwenye zaidi ya hekta 300,000. Kila tanuru la matofali ya kuchoma linakula kuni za miti hiyohiyo.

Ukitumia tofali hilo, elekeza madirisha kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni likutane na ukuta mtupu. Weka dari chini ya bati, acha tundu juu hewa ya moto itoke, na toa upenu mpana. Nyumba ya vyumba viwili ya namna hiyo itakalika mchana bila feni, na paneli moja ndogo ya sola itatosha kwa taa. Udogo wake nao si jambo geni: kaya ya Kisukuma tangu zamani ni nyumba ndogo kadhaa kuzunguka uwanja mmoja.

Vijana nao wapo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inatoa waashi kila mwaka, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Lakini mkopo wa mashine bila mteja ni deni tu. Kinachohitajika ni kazi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Sheria ya madini nayo, tangu marekebisho ya 2017, inazitaka kampuni za migodi kuwasilisha mipango ya uwajibikaji kwa jamii ili halmashauri iidhinishe. Milango hiyo miwili inatosha kuanzia.

Sasa, nani aingie? Watu wa machimbo madogo siwapendekezi. Dhahabu ikisikika mahali, watu hufurika, husimika miti na kufunga maturubai. Ikikata, hukunja na kuifuata kwingine. Ukuta utakaojengwa leo kwa ajili yao kesho utakuwa gofu. Hao wanahitaji kwanza maji, vyoo na zahanati.

Wanaopisha migodi ndio wa kuangaliwa kwa makini zaidi. Mwaka 2007 familia zilizoondolewa Mtakuja, karibu na mgodi wa Geita, ziliishia kwenye vibanda vya maturubai mjini, na muda ukageuka miaka. Ilhali Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni za 2001 zinaongeza posho ya makazi inayolingana na kodi ya miezi 36. Yaani sheria imekwishaupimia mpito urefu wake. Nyumba ndogo ikitolewa juu ya fidia, ni msaada. Ikitolewa badala yake, ni dhuluma iliyopigwa rangi.

Lakini mahali pa kuanzia ni shule ya Buhangija, Manispaa ya Shinyanga. Shule hiyo ilipokea watoto wenye ualbino kwa mamia wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa, na mabweni yakafurika. Upenu mpana unaopunguza joto ndio huohuo unaoikinga ngozi yao na jua. Watoto wachache na mama mlezi ndani ya nyumba moja watalelewa kifamilia zaidi kuliko bwenini. Hata hivyo, kila mtoto awe na mpango wa kurudi kwao salama, la sivyo tutakuwa tumejenga bweni lingine lililokatwa vipandevipande.

Kwa hiyo halmashauri isisaini mkataba wa nyumba hata moja kabla mambo matatu hayajaandikwa: kiwanja ni cha nani, mkaaji atahamia wapi ndani ya miezi 36, na akiondoka nani anapewa funguo. Kwa hilo la tatu jibu ni rahisi: walimu na wauguzi wa vijijini, ambao wengi wao wamepanga mbali na vituo vyao vya kazi.