Chikungunya: jina limetoka kwetu, mbona dawa ya dukani haiuwezi?

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitahadharisha kwamba chikungunya imeshaonekana katika nchi 119, na kwamba watu wapatao bilioni 5.6 wanaishi maeneo ambako ugonjwa huo unaweza kuwafikia. Kisiwa cha Réunion kilikuwa kimetoka kwenye mlipuko mkubwa, na mji wa Foshan huko China ulikuwa ndiyo kwanza unaingia kwenye wake. Tulipoisoma habari hiyo hewani, swali lililorudi kwenye simu zetu halikuwa la China. Wasikilizaji waliuliza: mtu anapata homa ya viungo, ananunua dawa, anamaliza dozi, mbona magoti bado yanauma?

Tuanze na jina, maana ni la hapa. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwakumba watu wa Newala na Masasi, wakati huo Jimbo la Kusini la Tanganyika. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W.H.R. Lumsden akachunguza ulivyosambaa, na R.W. Ross akavitenga virusi kutoka kwenye damu ya mgonjwa. Maandishi ya wataalamu hao yalitoka 1955 na 1956. Lakini jina hawakulibuni wao. Chikungunya ni Kimakonde, kile kinachomkunja mtu, kwa sababu mgonjwa alitembea amejikunja kwa maumivu.

Sasa turudi kwenye dawa. Hapa inabidi tuingie ndani kidogo ya mwili, mtuvumilie.

Mwili umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna kiini, mahali yanapotunzwa maelekezo ya mwili. Kiini hicho ukikitazama kwa hadubini unaona ndani yake doa lililokolea zaidi, moja au machache. Doa hilo ni nukleoli. Halina ngozi ya kulizunguka. Limejikusanya lenyewe kama tone la mafuta kwenye mchuzi. Kazi yake kubwa ni kuunda ribosomu, yaani mashine zinazotengeneza protini za mwili.

Fikiria mashine ya kusaga pale kijijini. Nukleoli ni karakana ya fundi anayeiunda. Humo ndani sehemu fulani za maelekezo zinanakiliwa, nakala zinachongwa, kisha zinaungwa na protini kama 80 zinazoletwa kutoka nje ya kiini. Zinatoka sehemu mbili, ndogo na kubwa, zikipitia kwenye matundu ya kiini, na huko nje zinashikana pale kazi inapokuwepo. Seli moja ya binadamu inaweza kuwa na mamilioni ya mashine hizi.

Na mashine ya kusaga haiulizi mahindi ni ya nani.

Hapo ndipo chikungunya inapopata nafasi. Virusi vyake havina karakana wala mashine. Ni ujumbe tu, wenye herufi zipatazo 12,000, uliofungwa ndani ya ganda. Mbu mwenye virusi akikuuma, ujumbe unaingia kwenye seli, na ribosomu zako zinausoma kama amri ya mwenye nyumba. Zinaanza kutoa protini za virusi. Moja ya protini hizo inakwenda mpaka ndani ya kiini na kuharibu kifaa kinachonakili maelekezo ya seli, hivyo seli inashindwa kupiga yowe majirani wajihami. Kwa virusi vya Semliki, ndugu wa chikungunya vilivyopatikana Uganda mwaka 1942, watafiti wameikuta protini ya aina hiyo imejazana ndani ya nukleoli yenyewe.

Sasa angalia dawa wanazokimbilia wengi. Doksisaiklini na azithromaisini hufanya kazi kwa kukwamisha ribosomu za bakteria. Bakteria hawana nukleoli, na ribosomu zao zina umbo tofauti na zetu, kwa hiyo dawa inazikamata zao na kuziacha zetu. Virusi vya chikungunya vinasagia kwenye mashine yako. Dawa haina cha kukamata. Dawa mseto nayo inaua vimelea vya malaria, na hapa havipo. Ukimeza vidonge hivyo kwa chikungunya umepoteza hela, na antibayotiki unawazoesha bakteria wengine wa mwilini kuizoea dawa.

Hatusemi uache kupima malaria. Mkoani kwetu malaria ni kweli, na homa yoyote ipimwe kwanza. Tunachosema ni kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, kiaminiwe. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi, uliochapishwa 2013, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Walioambiwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa walikuwa 14. Kati ya waliopimwa chikungunya, karibu wanane kwa kila 100 walikuwa nayo. Moshi malaria ni kidogo kuliko kwetu, hilo tunalijua, lakini mazoea ya kuita kila homa malaria hata huku yapo.

Mgonjwa wa chikungunya anapewa mapumziko, maji ya kutosha na paracetamol. Aspirini na dawa kama diklofenaki zisubiri mpaka mhudumu wa afya aondoe shaka ya dengi, kwa sababu dengi inaweza kuleta kutokwa damu. Vifo ni vichache, lakini watoto wachanga na wazee wapelekwe kituoni mapema. Maumivu ya viungo kwa baadhi ya watu hukaa miezi, hata miaka. Chanjo mbili zimeidhinishwa Marekani na Ulaya tangu 2023, moja ikasimamishwa Marekani Agosti 2025 kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Kwenye chanjo zetu za kawaida hakuna hata moja.

Kinachobaki ni mbu, na mbu wa chikungunya anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Anazaa kwenye maji yaliyotulia nyumbani: pipa, mtungi, ndoo, tairi bovu. Katika miaka ya 1950 maji ya kuhifadhi ndani ya nyumba yalitajwa kwenye uchunguzi wa Newala, kwa sababu uwandani maji yalikuwa ya shida. Kwa kaya nyingi bado ni hivyo, na kumwambia mama aliyenunua maji ayamwage ni kumkosea adabu. Asiyamwage. Ayachuje kwa kitambaa kwenye chombo kingine, asugue kuta za pipa kwa nguvu, maana mayai hubandikwa pale na hukaa makavu kwa miezi bila kufa, kisha ayarudishe na kufunika vizuri. Afanye hivyo kila wiki, kwa sababu yai la mbu huyu huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku saba hadi kumi.