Ukungu wa ukutani si kazi ya fundi rangi

Tunduma ni mji wa baridi. Juni na Julai makoti hayavuliwi mpaka jua lipande, na hakuna anayelilia kiyoyozi kama wanavyokililia Dar es Salaam, au hata majirani zetu wa Kamsamba na Mkwajuni kule bonde la Rukwa. Lakini ingia kwenye gesti na ofisi za karibu na mpaka: AC iko ukutani. Bila AC chumba hakiitwi cha hadhi, na bei haipandi. Hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni maji.

Kiyoyozi kikipoza chumba kinakamua unyevu wa hewa. Maji hayo yanadondokea kwenye trei ndani ya mashine, yanatoka nje kwa mpira. Sasa weka hapo vumbi la foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Chujio linaziba, hewa haipiti, mabomba ya ndani yanaganda barafu. Ukizima, barafu inayeyuka, trei inafurika, ukuta unalowa. Au mpira umeziba kwa utelezi. Au fundi alitoboa tundu likainamia ndani badala ya nje, maji yakarudi chumbani.

Vyumba vya namna hiyo tumevilalia. Chini ya mashine kuna michirizi ya kahawia, halafu madoa meusi kama mtu kapuliza masizi, na harufu ya soksi iliyolala kwenye buti. Chini kumetegwa kidumu cha lita tano kilichokatwa shingo. Mwenye nyumba akichoka kuulizwa anamwita fundi rangi: anakwangua, anapiga skimu, anapaka rangi ya maji, ukuta unang'aa. Baada ya wiki chache weusi umerudi palepale, na fundi rangi anapewa lawama isiyo yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009. Lilisema wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wako hatarini zaidi kupata matatizo ya kupumua na pumu, na kwamba dawa ya kwanza ni kuuondoa unyevu wenyewe. Mwenye mtoto anayekohoa usiku kucha hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo anza na maji. Zima umeme kwenye swichi kuu, toa chujio ulioshe, mwaga kikombe cha maji kwenye trei. Yasipotiririka nje, mwite fundi wa viyoyozi azibue mpira na arekebishe mwinamo. Ukuta ukishakauka, loanisha doa kabla ya kulisugua, maana ukilikwangua kavu unatawanya vumbi lake chumba kizima. Ziba pua na mdomo, fungua madirisha, tumia maji ya sabuni. Kwenye plasta ngumu unaweza kutumia jiki, ila usithubutu kuichanganya na dawa ya choo: inatoa hewa ya sumu. Dari ya jipsamu iliyolainika usihangaike nayo. Ina karatasi, na karatasi mbichi ni chakula cha ukungu. Siku mbili tu zinatosha uanze kuota. Kata kipande, tupa.

Wengi wetu hatuna AC, tuna bati linalovuja Februari. Utaratibu ni uleule: bati kwanza, rangi baadaye.

Wenye nyumba, fanyeni hivyo kabla mvua za Novemba hazijaanza. Na wewe mpangaji unayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ukikuta kalenda imetundikwa chini ya kiyoyozi, ifunue kwanza ndipo utoe hela.