Saa ya seva si shahidi wa kutosha

JICHO LA TEKNOLOJIA
Na Idrisa Mbaruku

Alfajiri ya Januari 1, 2017, saa tisa kamili za Afrika Mashariki, baadhi ya tovuti zinazotegemea kampuni ya Cloudflare ziligoma kufunguka. Saa za dunia zilikuwa zimeongezewa sekunde moja ili zilingane na mzunguko wa dunia. Saa za kompyuta ziliporudi nyuma ili kuipisha sekunde hiyo, programu ya Cloudflare, iliyoamini kwamba muda haurudi nyuma kamwe, ilipiga hesabu ikapata namba hasi, ikaanguka.

Imani hiyo bado inatuponza. Kila kompyuta ina saa yake, na kila saa huchelewa au hukimbia. Kuzisawazisha kwa mtandao hupunguza tofauti, hakuimalizi.

Tuseme mweka hazina wa kikundi yuko Mwanza, mwenyekiti yuko Dar es Salaam, na wote wawili, kila mmoja kupitia seva yake, wanabadilisha kiwango cha juu cha kutoa fedha kwa wakati mmoja. Mifumo mingi hulinganisha muda uliorekodiwa, ikabakiza badiliko la mwisho na kulifuta jingine kimyakimya. Basi seva ambayo saa yake imekimbia ndiyo itakayoshinda, na aliyeshindwa hataambiwa.

Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta Mmarekani, alitoa jawabu mwaka 1978: tusiulize tukio lilitokea saa ngapi, tuulize lipi lingeweza kusababisha lipi. Ujumbe hutumwa kabla ya kupokelewa, na hilo halihitaji saa. Kila mashine ihesabu matukio yake na kuambatanisha hesabu hiyo na kila ujumbe. Atakayepokea hesabu kubwa kuliko yake asogeze yake mbele hadi iipite. Matukio ya mashine tofauti yasiyounganishwa na mlolongo wowote wa ujumbe hayana la kwanza wala la pili. Mwaka 1988 watafiti Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mmoja kivyake, walionyesha namna ya kuyatambua.

Wapo watakaosema tununue saa bora. Google wamefanya hivyo: hifadhidata yao ya Spanner inatumia GPS na saa za atomiki. Hata hivyo, saa hizo hazitaji nukta moja. Hutaja kipindi, na mfumo husubiri shaka iishe ndipo uthibitishe muamala. Hata mwenye saa hizo bora haziamini kibubusa.

Benki, SACCOS na hospitali zinazonunua mifumo zimuulize muuzaji swali moja: seva mbili zikipishana saa, taarifa ya nani itafutwa, na nani atajulishwa? Asiye na jibu asikabidhiwe fedha wala afya za watu.