Mtambo wa Upepo: Tupime Kwanza

Wazee wetu waliosoma shuleni hapa zamani wameanza kuchanga fedha ili watununulie mtambo mdogo wa umeme wa upepo, usimamishwe juu ya paa la bweni, taa zisizimike tena wakati wa kudurusu. Nia yao ni njema, nasi twawashukuru kwa moyo wote. Lakini mtoto aonapo shimo njiani humwambia babaye, na babaye hakasiriki. Kwa hiyo naomba ruhusa niseme wazi: nionavyo mimi, mtambo huo usinunuliwe mpaka upepo wa hapa petu umekwisha kupimwa mwaka mzima.

Sababu ya kwanza ni upepo wenyewe. Mwendo wake ukizidi maradufu, nguvu yake huzidi mara 8. Ukipungua, nguvu hupotea vivyo hivyo. Mtambo ulioandikwa wati 1,000 mara nyingi hutoa kiasi hicho upepo uendapo mita 11 au 12 kwa sekunde. Tuchukue 12. Upepo ukishuka hadi mita 3, yaani robo, hazibaki wati 250 kama mtu awezavyo kudhani. Zabaki 16 hivi, tena ikiwa mapanga yatakubali kuzunguka. Wati 16 zitaangaza vitabu vya wangapi?

Je, upepo wetu una mwendo gani? Tazameni bendera ya shule. Bendera nyepesi hunyooka upepo ufikapo mita 3 na nusu hivi kwa sekunde. Yetu hulala mlingotini karibu kutwa, ikaamka alasiri kidogo na kabla ya mvua.

Wengine hunijibu, "Mbona Kenya wamefaulu?" Ni kweli. Karibu na Ziwa Turkana imesimama mitambo 365, na umeme wake uliungwa na nyaya za taifa mwaka 2018. Lakini kule upepo hubanwa baina ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, ukatoka kwa nguvu kama maji ya mfereji. Hapa Uganda, sehemu nyingi zina upepo wa pole. Karamoja ndiko huvuma zaidi. Upepo wa jirani haupepeti mtama wako.

Sababu ya pili ni hilo paa. Upepo ukigonga nyumba au mti huvurugika, na mtambo hauli vizuri upepo uliovurugika. Huyumba na kuchakaa upesi. Mti wa mita 12 waweza kuuvuruga upepo hata mita 240 nyuma yake, na kwenda juu mita 24. Tena mtikisiko wa mtambo hushuka ukutani, nasi tumelala chini yake. Mafundi husema mapanga yawe juu angalau mita 9 kupita kila kitu kilicho ndani ya mita 90. Kwetu maana yake ni ama mlingoti mrefu, wenye nyaya za kuushika, kinga ya radi na mtu wa kuutunza kila mwaka, ama kukata mivule. Sidhani yuko mzee atakayependa ikatwe mivule aliyodurusu kivulini mwake.

Tena tusilisahau jua. Katika nchi yetu mita moja ya mraba hupata yuniti 5 hivi za nguvu ya jua kwa siku, na bamba zuri hugeuza sehemu ya tano kuwa umeme, yaani yuniti 1. Ule mtambo wa wati 16, hata ungezunguka saa 24 bila kupumzika, haufikishi nusu ya yuniti.

Basi rai yangu ni hii. Sehemu ndogo ya mchango inunue kipimaupepo. Kiwekwe juu ya mlingoti, mahali peupe mbali na mivule, na wanafunzi wa sayansi waandike hesabu yake kila siku, masika na kiangazi. Wastani ukipita mita 4 au 5 kwa sekunde, nitakuwa wa kwanza kubeba mawe ya msingi. Usipofika, fedha zote zinunue mabamba ya jua na betri.

Wazee wetu, fedha zenu zimetoka kwa jasho. Hatutaki wadogo zetu waje kuonyeshwa chuma kilichosimama kimya juu ya paa, kisha wakasome kwa mshumaa.